Ngoma ya Mashine Ina Wenyewe

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Walikuwa na maana yao, na methali hiyo bado inafaa kwa mambo mengi. Lakini kwa upande wa ngoma zenyewe imeanza kupitwa na wakati. Siku hizi ngoma ya watoto inakesha, tena inakesha mpaka muadhini anaita sala ya alfajiri, na watu wazima waliokwenda kulala mapema hawapati hata huo usingizi.

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya muziki wa mashine. Nasema ule muziki unaopikwa kwenye kompyuta na vinanda vya umeme, unaochezwa usiku kucha mbele ya ukuta wa spika, pamoja na mavazi na majivuno yanayofuatana nao. Swali langu ni moja: muziki huu ni wa nani? Wengi wetu tuna jibu tayari mdomoni. Tunasema ni wa Wazungu, vijana wetu wameiga. Historia inatoa jibu jingine, na jibu hilo lina faida kwetu kuliko hilo tulilolizoea.

Mwaka jana nilikwenda kwenye harusi ya jamaa kijijini Mlingotini. Kwa wasiopafahamu, Mlingotini ni kijiji cha pwani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, jirani na Mbegani. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na akina mama wengi wanalima mwani. Jina lenyewe linakumbusha mlingoti wa chombo. Ni mahali ambapo mtu wa mjini hutegemea kusikia dufu na kasida, na kweli dufu lilipigwa. Lakini ilipofika saa nne usiku likaletwa jenereta, zikapangwa spika nne mbili juu ya mbili, na kijana wa miaka kama ishirini akafungua kompyuta yake ya mapajani yenye kioo kilichopasuka. Kuanzia hapo ikawa singeli mpaka kunakucha.

Vijana waliocheza walikuwa na sare yao isiyoandikwa popote. Suruali pana za mifuko mingi, fulana za rangi kali zinazoonekana gizani, miwani myeusi usiku wa manane, na wawili watatu wana filimbi ya refa shingoni. Mjomba wa bwana harusi, mzee ambaye nadhani anakaribia miaka themanini, alinivuta kando nilipomwamkia shikamoo. Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Wewe ni mtu wa redioni. Hebu tuelezeni, hii ngoma ya Wazungu imetufikaje huku?" Nilimwahidi kwamba nitamjibu hewani. Jibu langu ndilo hili.

Tuanze na hao Wazungu wanaosingiziwa. Muziki wa kucheza wa mashine, ule ulioitwa hausi, ulizaliwa katika mji wa Chicago, Marekani, na wazazi wake walikuwa vijana weusi. Mwaka 1977 ilifunguliwa klabu moja mjini humo iliyoitwa Warehouse, yaani ghala. Mpiga sahani wake alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyetoka New York. Waliokwenda kucheza hapo walikuwa hasa watu weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kusini, na wapenzi wa jinsia moja. Yaani watu ambao milango ya kumbi nyingine haikuwa wazi kwao. Inasemwa sana kwamba jina hausi limetokana na jina la klabu hiyo.

Wakati huo huo muziki wa disko ulikuwa unapigwa vita. Tarehe 12 Julai 1979, katika kiwanja cha besiboli cha Comiskey Park hapo hapo Chicago, mtangazaji mmoja wa redio aliwaita watu walete sahani za disko zilipuliwe kwa baruti katikati ya uwanja. Watu wakafurika, sahani zikalipuliwa, vurugu ikazuka, na mchezo wa pili wa jioni ile ukashindwa kuchezwa. Wapo waliolitazama tukio lile kama mchezo wa vijana tu. Wengine waliona kwamba kilichokuwa kinachomwa ni muziki wa weusi na wa watu waliodharauliwa. Vyovyote vile, disko halikufa. Liliingia chini ya ardhi na kutoka upande wa pili likiwa na jina jipya.

Lililoliwezesha kutoka ni mashine ambazo wenye fedha hawakuzitaka. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mwaka 1980 mashine ya ngoma iliyoitwa TR-808. Ilitengenezwa kwa miaka mitatu hivi, kiasi cha mashine 12,000, kisha ikaachwa, maana wanamuziki wakubwa walisema sauti yake haifanani na ngoma ya kweli. Baadaye kidogo Roland wakatoa nyingine, TB-303, iliyokusudiwa kushika nafasi ya mpiga gitaa la besi. Hiyo nayo haikuuzika. Mashine hizi zikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyokwisha tumika, kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo vijana wasio na kitu walipoziokota. Mwaka 1987 kundi la vijana wa Chicago lililoitwa Phuture lilitoa sahani iliyojengwa juu ya sauti ya TB-303 iliyopindwa kwa makusudi, sauti ambayo watengenezaji wenyewe hawakuifikiria. Na kule Detroit, mji wa viwanda vya magari vilivyokuwa vinapunguza wafanyakazi, vijana weusi watatu waliosoma pamoja, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walianzisha muziki wa tekno.

Kwa hiyo Wazungu wa Ulaya nao walipokea. Uingereza ilishikwa na homa hiyo hasa mwaka 1988. Maelfu ya vijana walikuwa wakikusanyika kwenye maghala matupu na mashambani, bila tikiti za kawaida na bila kibali, kucheza mpaka asubuhi. Mikusanyiko hiyo ikaitwa reivu. Mavazi yake yalitokana na kazi yenyewe. Mtu anayecheza saa nane mfululizo hawezi kuvaa suti. Alivaa suruali pana, fulana kubwa, raba, rangi za kung'aa, na filimbi shingoni ya kumwitikia mpiga sahani. Magazeti yaliandika sana juu ya dawa za kulevya, na si uongo, zilikuwapo, na wapo vijana waliopoteza maisha. Lakini wengi wa waliokuwapo wanakumbuka pia kwamba mtoto wa tajiri na mtoto wa mbeba mizigo walicheza uwanja mmoja.

Serikali ya Uingereza haikufurahi. Mwezi Mei 1992 watu wasiopungua 20,000 walikusanyika kwa muda wa juma zima katika mbuga ya Castlemorton, magharibi ya nchi hiyo, na wanavijiji wa hapo wakalalamika kwamba hawalali. Mwaka 1994 Bunge likapitisha sheria iliyowapa polisi uwezo wa kutawanya mkusanyiko wa usiku wa watu 100 au zaidi wanaocheza muziki wa sauti kubwa mahali pa wazi. Sheria hiyo ilijaribu hata kueleza ni muziki wa namna gani, ikasema ni pamoja na ule wa mapigo yanayojirudia. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Wanasheria wenye mawigi walikaa kuandika maana ya ngoma! Mtu wa Mlingotini angeweza kuwaambia kwamba ngoma isiyojirudia si ngoma.

Na hapa ndipo tunaporudi nyumbani, kwa sababu mambo haya yote, kuanzia kukesha, sare, mashindano, mpaka malalamiko ya wakubwa, pwani yetu iliyajua zamani sana kabla ya Chicago.

Mzaliwa wa sehemu za Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Maandishi yake na ya wenzake yalichapishwa mwaka 1903 katika kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Humo zimeelezwa ngoma za pwani, moja moja, pamoja na nguo zake na gharama zake. Msomaji anaona wazi kwamba watu wa mrima hawakuchukulia ngoma kuwa mchezo wa kupitisha wakati. Ngoma ilikuwa heshima. Mtu alitumia mali kwa ajili ya ngoma ili mtaa mwingine usimcheke.

Kisha ikaja beni. Asili ya jina hilo ni neno la Kiingereza la bendi, na chimbuko lake ni miji ya Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikaitawanya Tanganyika nzima, maana askari waliibeba kila walikokwenda. Dar es Salaam ilikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Walivaa mavazi ya kijeshi, walijipa vyeo vya kizungu, walipiga matarumbeta na ngoma kubwa, na kila upande ulitaka uwe na mavazi mapya kuliko wa pili. Profesa Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Ameonyesha kwamba haikuwa kuiga tu. Ushindani wa mitaa ya pwani ulikuwapo tangu kale; tarumbeta na kofia ya afisa vilikuwa vyombo vipya vya kufanyia kazi ya zamani.

Wakubwa wa wakati huo walisemaje? Wazee walilalamika kwamba vijana wanafuja fedha. Wamisionari walisema ni upagani uliovaa kaptura. Maofisa wa Kiingereza, baada ya vita, waliingiwa na hofu kwamba vyama hivyo vina siri ya kisiasa, wakavipeleleza. Walichokikuta kwa sehemu kubwa ni watu wanaocheza, wanaozikana na wanaosaidiana katika shida.

Tulipopata Uhuru tulidhani tumemalizana na habari ya wakubwa kupima suruali za vijana. Wapi! Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, lianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Likaitwa Operesheni Vijana. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wanawake walikwisha kusumbuliwa na kupigwa katika mitaa ya Dar es Salaam, hasa Kariakoo, kwa sababu ya urefu wa sketi. Na mwaka huo wa 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo kijana wa mjini na kijana wa Bagamoyo walikuwa chini ya amri hiyo moja. Muziki wa soul, tukumbuke, ni wa watu weusi wa Marekani waliokuwa wakidai haki zao, na viongozi wetu walikuwa wakiwaunga mkono majukwaani.

Nilimkumbusha mzee wa Mlingotini habari hiyo, akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe naye alikuwa kijana mtanashati wakati ule. "Mama yangu aliifumua suruali yangu kwa mkono wake," alisema, "akaunga kitambaa cha rangi nyingine pembeni ili iwe pana. Nikawa kama bendera." Miaka michache baadaye suruali pana za bugaluu zikawa ndiyo fasheni, na wakubwa wakaanza kulalamika kwamba zinafagia barabara. Suruali ya kubana ilikuwa kosa, suruali pana nayo ikawa kosa. Nadhani shida haikuwa suruali.

Sasa tuje kwenye mashine. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 kulivuma Dar es Salaam muziki ulioitwa mchiriku. Wenyewe walikuwa vijana wa uswahilini, na mapigo yake yalikuwa yale yale ya ngoma za Wazaramo, watu wa nchi hii inayoanzia Dar es Salaam na kupanda pwani kuelekea Bagamoyo. Walipiga ngoma za mkono na kugonga kigoda kwa vijiti. Badala ya zumari walitafuta vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingineko vilinunuliwa kuwa vichezeo vya watoto. Kinanda kikiunganishwa na vipaza sauti chakavu kilitoa mlio mkali wenye mikwaruzo, na mlio huo ndio uliokuwa utamu wake. Nakumbuka vizuri jinsi kanda za mchiriku zilivyolia ndani ya daladala wakati redioni ilikuwa nadra kuzisikia. Tuliokuwa tunajiona wastaarabu tuliuita muziki wa wahuni. Kundi moja lililoanza miaka hiyo, Jagwa Music, lilikuja kutolewa albamu na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012, na Ulaya wakalishangilia.

Utaona, ndugu msomaji, kwamba kijana wa Manzese na Casio yake na kijana wa Chicago na TB-303 yake walifanya kitu kimoja bila kujuana. Wote wawili waliokota mashine iliyodharauliwa wakaifanya itoe sauti ambayo aliyeitengeneza hakuikusudia. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Walifanana kwa sababu hali zao zilifanana: fedha hakuna, ukumbi hakuna, na hamu ya kucheza ipo.

Mtoto wa mchiriku ndiye singeli. Ilianza kuchemka katika miaka ya 2000 kwenye mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati. Ma-DJ walikuwa wakichukua kipande cha ala cha taarabu au cha mchiriku, wanakizungusha kijirudie, wanakiongezea mwendo, na mshika maiki anaghani juu yake. Baadaye kompyuta zikawa rahisi kupatikana na kila mtaa ukapata studio ya chumba kimoja. Kasi ikapanda. Hausi ya Chicago huenda mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika. Singeli inapita 200, na nyingine zinakaribia 300. Msaga Sumu akaitwa mfalme wa singeli, na ilipofika mwaka 2016 Man Fongo na Sholo Mwamba walikuwa wakisikika kwenye redio za nchi nzima. Muziki wa wahuni ukawa muziki wa kufungulia mikutano na kuuzia bidhaa.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso ya Mburahati, ukiitwa Sounds of Sisso. Waandishi wa muziki wa Ulaya walioisikia walitafuta pa kuiweka, wakasema ni kama tekno, ni kama reivu, lakini ina mwendo wasioujua. Kuanzia mwaka 2018 vijana wa singeli walipanda ndege kwenda kupiga kwenye majukwaa ya Ulaya, na watoto wa wale waliocheza mashambani mwaka 1992 wakacheza mapigo ya Wazaramo. Basi, mjomba, ngoma ya Wazungu haikuja Mlingotini. Ngoma ya jirani zako wa Mburahati, yenye damu ya Kizaramo, ndiyo iliyokwenda kwa Wazungu.

Na mavazi? Hayo nayo yana safari yake. Katika miaka ya karibuni vijana wa London na Berlin wamezirudia nguo za reivu za zamani, suruali pana na rangi kali, na wanazinunua kwa bei kubwa kwa kuwa ni za kale. Nguo kama hizo zimekuwa zikishuka bandarini kwetu ndani ya marobota ya mitumba kwa miaka mingi. Kijana wa Mlingotini anaipata suruali hiyo mnadani bila kujua kwamba ina historia, anaivaa kwa sababu ni pana na inafaa kuchezea. Sababu hiyo ndiyo ile ile ya mwaka 1988. Na filimbi shingoni, je, nani asiyejua kwamba pwani filimbi imeongoza ngoma tangu enzi za babu zetu?

Iko pia tabia moja inayofanana kila mahali, nayo ni majivuno ya waliotangulia. Uingereza, waliocheza mwaka 1988 waliwadharau waliokuja mwaka 1991, wakisema muziki umeharibiwa na wageni. Chicago walisema Waingereza wameuharibu. Manzese utaambiwa kwamba singeli ya kweli ni ile ya kabla ya kuingia redioni. Katika beni ilikuwa vivyo hivyo, Marini na Arinoti kila mmoja akimwona mwenzake si mtu. Mimi siyalaumu majivuno hayo yakiwa ya kupimana. Mashindano ndiyo yaliyoinoa ngoma ya pwani. Yanakuwa mabaya pale kijana anapofikiri kwamba ngoma ilianzia kwake na hana cha kumuuliza aliyemtangulia.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba nawatetea vijana kwa kila jambo. Katika miaka ya 2010 viongozi wa wilaya na mkoa wa Dar es Salaam walipiga marufuku mara kadhaa zile shughuli za usiku kucha ziitwazo vigodoro. Kule Uganda, mwaka 2018, waziri aliyehusika na maadili alitangaza kulizuia tamasha la Nyege Nyege la Jinja, kisha likaruhusiwa baada ya mazungumzo. Na mwaka 2022 hali kama hiyo ikajirudia kupitia Bunge. Watu wanaodai marufuku si wote wabaya. Mgonjwa anahitaji kulala. Mwanafunzi wa darasa la saba ana mtihani. Na liko jambo zito kuliko kelele: msichana anayetoka kwenye kigodoro saa tisa usiku na kupita njia ya giza yuko katika hatari ambayo hakuna wimbo unaoweza kuifuta. Mzazi anayeogopa hilo ana haki ya kuogopa.

Lakini tuangalie marufuku imezaa nini. Soul ilizuiwa mwaka 1969, na watu wakaendelea kuicheza. Sheria ya Uingereza ya 1994 haikuumaliza muziki. Iliusukuma kwenye kumbi zenye viingilio na mikononi mwa wafanyabiashara. Vigodoro vilizuiwa, vikahamia mitaa ya nje na vijiji vya njiani. Kwa vyovyote marufuku huiondoa ngoma mahali penye taa na kuipeleka mahali pasipo na taa. Ukiniuliza usalama wa yule msichana uko wapi, nitakujibu kwamba uko penye taa.

Mlingotini usiku ule niliona jambo dogo lililonifundisha. Kabla ya singeli kuanza, wazee walimwita kijana wa kompyuta wakakaa naye ukumbini kwa kahawa. Wakakubaliana kwamba spika zigeuzwe zielekee baharini, zisielekee nyumba ya mama mmoja aliyekuwa mgonjwa. Kwamba wasichana wa mbali walale kwa shangazi wa bwana harusi mpaka kukuche. Na kwamba akisikia adhana azime hapo hapo. Kijana akaitikia, "Sawa, wazee wangu." Na alfajiri alizima. Hakuna askari aliyeitwa. Ngoma za zamani ziliendeshwa hivyo, zikiwa na wenyewe wanaojulikana, na mwenye ngoma akiwajibika kwa kila aliyemwalika.

Liko na suala la riziki, ambalo tunalisahau tukishughulika na suruali. Kwa muda mrefu wengi wa wale vijana weusi wa Chicago na Detroit walitazama muziki wao ukiwatajirisha wengine ng'ambo ya bahari, wao wakibaki na sifa. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na tuna chombo cha kuisimamia. Lakini kijana anayetengeneza mapigo chumbani Mburahati, na kuyagawa kwa flashi na simu mtaa mzima, mara nyingi hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba mapigo hayo ni yake. Siku atakapoyasikia kwenye tangazo la bidhaa, au kwenye sahani iliyotolewa ng'ambo, atalalamika kwa nani? Tukiendelea kusema kwamba muziki huu ni wa Wazungu, tunawasaidia wale ambao kesho watausajili kwa jina lao. Mtu hawezi kudai urithi ambao wazee wake mwenyewe wameukana.

Bagamoyo tuna Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Kutoka hapo mpaka Mlingotini ni mwendo mfupi. Wapo vikongwe wanaokumbuka mapigo na majina ya ngoma ambazo singeli imezichota bila kuzitaja. Wapo pia vijana wenye kompyuta wanaoweza kuyarekodi mapigo hayo kwa jioni moja. Kinachotakiwa ni kuwakalisha pamoja, kuandika nani alipiga nini na wapi, na kumfundisha kijana kusajili kazi yake kabla hajaigawa. Hilo haligharimu fedha nyingi. Gharama yake ni kwamba sisi wakubwa tukubali kwanza kuwa kelele ile ni yetu.

Kwa leo naishia hapo. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.